Kasiba Mbili kwa Wezi Wawili

Siku nilipomchukua mama kwenda duka la bunduki mtaa wa Darsait, shaka sikuwa nayo hata chembe: nyumba yetu mpya ya Ansab ilikuwa na wezi, na walikuwa wawili. Mimi nimesoma skuli ya usiku mpaka nikamaliza, na akili iliyofunzwa usiku huona vya gizani. Nje ya ukuta, upande wa jirani, niliona matofali yamepangwa kama ngazi. Ndani, nyuma ya tangi la maji, nikakuta mengine yamepangwa vilevile, na juu yake alama za ndara. Mwizi mmoja hapandi kutoka pande mbili.

Jirani mwenyewe nilimshuku tangu siku ya kuhamia. Alinisalimia kwa Kiswahili cha kwetu Unguja, huku ughaibuni, na kicheko kirefu cha kufika Salala, mwisho wa nchi. Mtu asiyekujua akikuchekea hivyo, ana lake. Nikamwambia mama, "Nikiwa kazini, geti usimfungulie mtu. Hata abishe malaika."

"Haya, baba," akasema.

Mchana kutwa alikuwa peke yake. Ndiyo maana nikataka bunduki ya marisau, zile risasi za chembechembe, na ndiyo maana nikaenda naye, kwani atakayebaki nayo ni yeye. Kibali tungekiomba tukishachagua.

Muuzaji alitutilia kahawa kwanza. Na kahawa yake niliishuku: ya nini kunichelewesha? Mwisho akatoa bunduki ya kasiba moja, mtutu mmoja tu.

"Hii nyepesi, inamfaa bi mkubwa."

"Moja hainitoshi, sheikh. Nna wezi wawili."

Akanitazama kama wa tatu ni mimi. Akashusha nyengine: kasiba mbili ubavu kwa ubavu, vifyatulio viwili, kitako cha mti mwekundu. Akaikunja katikati kutuonyesha kwamba haina risasi. Nikachungulia kasibani nikaona, wallahi, mpaka bandarini Matrah. Begani ilinikaa kama nimezaliwa nayo. Mama kitako kilimzidi urefu.

"Tutakipunguza," muuzaji akasema.

Mama akagusa kasiba ya kulia. "Hii ya nani?"

"Ya mwizi wa nje."

"Na hii?"

"Ya mwenzake wa ndani."

Akailaza bunduki mezani taratibu. "Mwenzake wa ndani ni mimi."

Muuzaji akajitilia kahawa, asikilize vizuri.

"Siku ile tunahamia, mke wa jirani kaleta sambusa. Sahani ya watu hairudi tupu, nikatia vitumbua. Na yeye ya kwangu hairudishi tupu. Mara wewe ukanikataza geti. Geti sijalifungua, baba."

Nami sambusa zile nilizila wiki nzima, nikiusifu mkono wa mama!

"Na sahani yake iko jikoni saa hizi," akasema. "Twende zetu."

"Nikuwekee, sheikh?" muuzaji akauliza.

"Niwekee," nikasema. Shaka haiondoki kwa sambusa peke yake.

Alasiri nikapanda matofali mwenyewe, sahani ya vitumbua mkononi. Upande wa pili kikachomoza kichwa cha jirani. Safari hii hakucheka, na alishika bakora.

"Kumbe ndiwe unayenipandia ukuta!"

"Mama kaleta vitumbua," nikasema.

Akafunua kitambaa. Akaviangalia vitumbua, akaniangalia mimi, kisha akanirudishia kimoja.

"Onja wewe kwanza."