Punda Asiyesema

Mwaka ule niliobaki nyumbani, wenzangu wote wa mtaani kwetu Malindi walikuwa wameshaanza darasa la kwanza. Mimi nilirudishwa. Mkono wangu ulipita juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili bila taabu, na huo ndio uliokuwa mtihani wa umri siku hizo, miaka ya themanini ilipokuwa ikianza. Kilichonishinda ni shikamoo. Mwalimu mkuu alikaa nyuma ya meza yake akingoja, nami nikasimama mbele yake mdomo wazi, neno limenikwama kooni. Mama akawahi kunisemea, akataja na jina langu. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba mtoto asiyeweza kuamkia watu bado hajawa tayari kwa shule. Anirudishe mwakani, na mwakani nisipojibu mwenyewe, hataniandika.

Nilikuwa na kigugumizi. Kwetu, ambako mtoto hapiti uchochoro bila kuwaamkia wazee waliokaa barazani, kigugumizi huchukuliwa upesi kuwa ni utovu wa adabu. Nilisomewa dua. Nilinyweshwa kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji ya waridi. Kila mtu alinitakia heri, na kwa jinsi walivyonipenda, walinimalizia maneno. Nikianza tu "m-m-m", mtu alikwishaniletea kata ya maji, na mimi nilikuwa nataka muhogo. Niliyanywa. Kukataa kungehitaji maneno zaidi.

Ndipo shangazi alipokuja kukaa nasi. Alikuwa ametoka kumaliza eda huko visiwani kaskazini, kwao baba, ambako marehemu mumewe alikuwa akichukua mizigo ya watu kwa punda. Alikuja na sanduku la bati na kofia zake za kushona. Baada ya sala ya adhuhuri, nyumba ikiwa imetulia, yeye alikaa ukumbini na sindano yake, nami nikalala kifudifudi juu ya jamvi kando yake.

Hadithi tulizozijua mpaka wakati huo zilikuwa za sungura. Bibi yangu ndiye aliyetusimulia baada ya chakula cha jioni, na alijua kusimulia. Sungura wake alimlaghai fisi kwa maneno, akaponyoka makuchani mwa simba kwa maneno, akala shamba la watu na kuwaachia maneno. Wenzangu walicheka hadi wakagaagaa. Mimi nilikuwa upande wa fisi, ambaye kila alipotaka kusema kitu, sungura alikuwa ameshaondoka.

Shangazi aliona kwamba sicheki. Akaniuliza sababu, kisha akafanya jambo ambalo hapakuwa na mtu aliyewahi kunifanyia: akangoja. Sindano ilitembea, ikatembea, mpaka nikafika mwisho wa jibu langu kwamba sungura anasema upesi mno. Hakunisaidia hata herufi moja. Siku ya pili yake, jua lingali juu, akaanza kunisimulia punda.

Bibi alitoka chumbani mbio. Kwake yeye ulikuwa mwiko hadithi kusimuliwa mchana.

"Mtaota mikia nyote wawili," alisema.

"Hii si hadithi, mama. Ni habari tu za punda."

"Habari gani hizo zinazoanza na hapo zamani?"

"Ni punda mzee."

Bibi akarudi chumbani akinung'unika, lakini mlango hakuufunga. Baada ya hapo, shangazi akinyamaza kutafuta uzi, sauti ilitoka ndani ikiuliza kama punda ameshavuka au bado.

Punda wa shangazi hakusema neno hata moja. Alikuwa wa kijivu, sikio moja limelala, na mwenzake alikuwa msichana mdogo aliyepeleka maji nyumba za watu. Alikuwa na tabia ya kusimama. Katikati ya njia, bila sababu, miguu yote minne kama imeota mizizi. Watu walimsukuma, wakamvuta mkia, wakampigia kelele, na kadiri walivyomsukuma ndivyo alivyozidi kusimama. Msichana alimwekea mkono shingoni, akangoja. Kisha punda akaenda zake kana kwamba hakuna lililokuwa.

Kila mchana walikutana na jambo jipya. Mara ngoma ya harusi imeziba njia nzima. Mara msichana anaogopa kubisha hodi kwa mama mmoja mkali, na punda anasimama palepale mlangoni hadi yeye mwenyewe apate moyo. Na mchana mmoja msichana alifiwa na baba yake, akawa hatoki nje tena. Punda alikuja kusimama kizingitini asubuhi nzima, wala hakumwita. Hapo masimulizi ya shangazi yalikatika. Sindano ilibaki hewani, midomo yake ikicheza bila sauti. Nami nikangoja, kama nilivyokuwa nikingojwa, mpaka akaweza kuendelea.

Hakuwahi kunipa funzo. Ila siku zilivyopita, neno likinikwama, nilijikuta naweka mkono shingoni mwangu, na silisukumi.

Ulipofika mwezi wa kwanza, shangazi alimwomba mama amwachie yeye anipeleke. Mama alikubali, alijijua kwamba angenisemea tena.

Mwalimu alikuwa yuleyule, nyuma ya meza ileile. Nikasema "Sh", na neno likasimama. Nikaweka mkono shingoni. Mwalimu alinitazama, kisha akamtazama shangazi. Shangazi akautazama ukuta. Namshukuru kwa punda yule, lakini zaidi namshukuru kwa ukuta ule. Mtu mzima mwenye mapenzi hapati kazi ngumu kuliko kunyamaza.

"Mama, mtoto huyu anasikia?" aliuliza mwalimu.

"Anasikia, mwalimu. Yuaja. Tumngoje."

Mwalimu akaiweka kalamu chini. Nje, wazazi waliopanga foleni walikuwa wakikohoa na kuburura viatu.

"Shikamoo, mwalimu."

Lilitoka refu, limepindapinda, lakini lilitoka lote na lilikuwa langu.

"Marahaba," alisema, na akaniuliza jina. Hilo lilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa jina lako mwenyewe ndilo gumu kuliko yote. Aliliandika lilipofika. Alipotaka kujua mtaa, alimgeukia shangazi kwa mazoea, na shangazi akanigeukia mimi, kwa hiyo naye ikambidi anigeukie. Nikamtajia mtaa. Nikamwambia na nyumba ilipo, na kwamba mlango wetu unalia ukifunguliwa, na kwamba bibi ana kuku anayekula sana na hatagi. Kila neno lilikuja kwa wakati wake, mengine kwa vipande. Shangazi akanigusa bega.

"Basi mwanangu, kuna watu nje wanangoja."

"Na wangoje kidogo," alisema mwalimu. Alikuwa ameegemea kiti, mikono kifuani. "Huyo kuku, mmejaribu kumbadilishia chakula?"