Tangi Lililovuta Pumzi

Jumatatu, tarehe kumi na saba mwezi wa tatu, saa mbili kasoro asubuhi, tulimpoteza Nesi Zaituni kwenye barabara ya Robanda, pale korongoni. Sanduku la chanjo lilikutwa zima nyuma ya pikipiki, na barafu yake ilikuwa haijayeyuka. Nimeandika tarehe nyingi kwenye kadi za kazi na karibu zote nimezisahau. Hiyo sijaisahau, kwa sababu pikipiki ile niliihudumia mimi.

Vijana wa ufundi mmeniomba nieleze kazi ilivyokuwa wakati wetu. Nitaeleza, ila siwezi kuieleza nikamruka yeye.

Nilianza kazi Tarime, katika karakana ndogo, nikiwa nimemaliza darasa la saba tu. Siku ya kwanza Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa kitambaa na kipande cha mti. Upande mmoja wa mti aliuweka kwenye mashine inayonguruma, upande wa pili akauweka sikioni mwangu. Nikasikia ndani kama watu wengi wanatembea.

"Mura," aliniambia, maana kwa Kikurya kijana wa kiume ndivyo anavyoitwa, "mashine hii inakula vitu vitatu. Mafuta, hewa na moto. Ikizima, kimoja kimekosekana. Shetani hayumo."

"Na nikikuta vyote vipo, Mzee?"

"Basi hujatafuta."

Alikuwa na sheria nyingine, na hiyo ndiyo iliyonihukumu baadaye. Alisema mgonjwa haelezwi na jirani. Mtu akikuletea pikipiki inayozima njiani, usiifungue kwanza. Ipande mwenyewe uende nayo kule kule ilikougulia, mpaka ugonjwa uje mbele ya macho yako. "Hapa kivulini," alikuwa akisema, "kila pikipiki ni nzima."

Miaka sita nilikuwa chini yake. Nilijifunza kusoma plagi, kile kidude kinachotoa cheche. Ikiwa nyeusi kama sufuria ya kuni, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mshukuru Mungu na uirudishe. Nilijifunza kuosha kabureta, mahali mafuta na hewa vinapochanganyika, na kupuliza vitundu vyake kwa mdomo, kwa sababu waya hupanua tundu na tundu likipanuka halirudi.

Kutoka hapo nilikwenda Kerende, huko Nyamongo, kuhudumia pikipiki za wakandarasi wa mgodi. Vumbi la huko lilijaza chujio la hewa kwa siku mbili. Msimamizi wa Magari alikuwa mtu wa haraka sana. "Fundi, mimi sitaki historia, nataka itoke getini!" Ndiko nilikojifunza mbinu ya nailoni. Mpira wa kifuniko cha tangi ukichoka, petroli huruka juu kwenye mashimo na kumlowesha dereva. Mpira mpya haupatikani. Basi unakata duara la nailoni, unaliweka chini ya kifuniko, unakaza. Petroli hairuki tena. Safari za Kerende zilikuwa fupi, na sikuwahi kuona mbinu hiyo ikimdhuru mtu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mugumu, kwenye mradi mmoja wa afya. Bosi wetu tulimwita Mratibu. Zaituni aliletwa na mradi huo kutoka Singida, akapanga chumba uani kwetu. Yeye Mwislamu, sisi Wakristo, lakini mwezi wa kwanza haukuisha kabla hajaanza kuniita Baba, na mke wangu akawa anampikia futari bila kuombwa.

Siku moja alirudi sketi imelowa. "Shikamoo Baba. Hii pikipiki yako inaninyunyizia petroli. Akina mama watadhani nimekuja kuwachoma moto, siyo kuwachoma sindano."

Nilicheka. Nikachukua pakiti ya chumvi jikoni kwa mke wangu, ya bluu, nikakata duara kwa mkasi, nikaweka, nikakaza. Kazi ya dakika tatu.

Baada ya wiki mbili akasema imezimika njiani, kule korongoni, ikakaa kidogo, akapiga kiki ikawaka bila kutengenezwa. Wiki iliyofuata ikazima tena, pale pale. "Labda ina mchumba korongoni," akasema. Niliifungua kivulini. Plagi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Koili, ambayo ndiyo inayoipa plagi moto, ilikuwa nzima. Nikaosha kabureta. Nikaipanda mpaka bwawani Manchira na kurudi, haikukohoa. Robanda ni mbali na nilikuwa na pikipiki nyingine tatu zinasubiri. Kwenye kadi nikaandika: Haina tatizo.

Mara ya tatu hakutania. Alikaa kwenye kigoda cha mke wangu akiwa bado na kofia ya chuma kichwani.

"Baba, ikizima pale, kila kitu kinanyamaza. Hata ndege. Halafu nahisi kuna mtu anayesubiri niwashe."

"Ni upweke wa barabara, mwanangu," nikamwambia.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu pikipiki ilizima korongoni na nyati dume, wa wale waliojitenga na kundi, akatoka kwenye shamba la mtama. Zaituni alikuwa bado anapiga kiki. Aliyeshuhudia ni mtu mmoja tu, Bibi Nyangi, mama mzee anayeishi peke yake juu kidogo ya korongo.

Pikipiki haikuumia. Baada ya msiba Mratibu alimpa Afisa Chanjo mpya, kijana mtaratibu kutoka Moshi. Safari yake ya kwanza Robanda ilizima korongoni. Safari ya pili ilizima korongoni. Aliiacha hapo na ufunguo wake, akatembea kwa miguu.

"Mzee," aliniambia, "mimi nimesoma sayansi. Lakini ile pikipiki inasimama alipolala yule dada, na inasimama wakati wa kwenda tu. Wakati wa kurudi haizimi. Sipandi tena."

Habari ilifika Robanda kabla yake. Watu wakakumbuka kwamba mwaka uliotangulia bodaboda mmoja aligonga mbuzi wa Bibi Nyangi asisimame, na bibi alipiga kelele barabarani mbele ya watu kwamba mashine zao zitasimama hapo. Sasa zimesimama. Mkutano wa kijiji ukaitwa siku ya Jumamosi, wa kumwondoa. Wengine walikwisha kusema nyumba yake iwe imebomolewa kabla jua halijazama.

Ijumaa ndipo nilipoifuata sheria ya Fundi Mkuu. Nilikwisha kuirudisha pikipiki Mugumu; kijana wa kituo kile kile alichojazia Zaituni akanijazia tangi, saa ile ile, nikashika barabara ya Robanda.

Ilikwenda vizuri njia nzima. Nilipoanza kuteremka korongoni ikakohoa mara mbili, ikafa. Kimya kilikuja kama alivyosema. Mtama haukutikisika. Juu, mlangoni kwake, Bibi Nyangi alikuwa amesimama akinitazama.

Nilitoa plagi, moto upo. Nikafungua koki, mlango wa mafuta chini ya tangi. Mafuta yakadondoka matone matatu yakakoma, na tangi lilikuwa limejaa. Nilikwisha kujua. Nikafungua kifuniko cha tangi.

Tangi likavuta pumzi. Ndefu, ya ndani, kama mtu aliyelia sana halafu akanyamaza. Na chini ya kifuniko nikaona duara la bluu, na ukingoni alama za mkasi wangu.

Nieleze kwa anayeanza. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupumulia. Mafuta yakishuka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Ukiliziba tundu hilo, tangi linabana pumzi, na baada ya mwendo fulani mafuta yanagoma kushuka. Ukisubiri, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, mashine inawaka. Tangi likiwa limejaa, pumzi inakata mapema. Likipungua inachelewa, ndiyo maana wakati wa kurudi haikuzima. Kituo kimoja, tangi lililojaa, barabara moja, basi inazimia mahali pamoja. Manchira ni karibu mno, isingeweza kuzima. Ningeendesha mpaka korongoni siku moja tu, Zaituni angekuwa hai.

Nilikaa pale na nailoni mkononi. Sitadanganya kuhusu niliyowaza. Niliwaza kuitia mfukoni. Pikipiki isingezima tena, watu wangesema bibi ameogopa mkutano, na mimi nilikuwa nimebakiza miezi miwili nistaafu kwa heshima.

Bibi aliteremka. "Umepata?"

"Shikamoo. Nimepata. Ni mimi."

Alikitazama kipande kile. "Mimi niliomba zisimame," akasema. "Siku ile ya binti yule, iliposimama, nilifurahi. Kisha nikamwona nyati." Akageuka kurudi kwake. "Kesho usinisafishe sana."

Jumamosi nilisimama mkutanoni nikasema niliyofanya. Walinicheka. "Mkurya ameleta pakiti ya chumvi!" Mwingine akauliza, "Mzee, bibi amekulisha nini?" Mwenyekiti wa Kijiji aliwatuliza, akaniuliza kama naweza kuonyesha. Bodaboda mmoja, mnene, mwenye maneno mengi, akajitolea. "Weka kwangu. Yangu hairogeki."

Tukajaza tangi lake, nikaweka nailoni ile ile, akaanza kuzunguka uwanja wa shule. Watu walipiga miluzi. Alizunguka karibu saa nzima, akipunga mkono kama mgombea, na wengine walikwisha kuanza kuondoka. Kisha mashine ikakohoa mara mbili, ikafa katikati ya uwanja. Alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Hakuna aliyecheka tena. Nikamwambia afungue kifuniko mwenyewe. Tangi likavuta ile pumzi na mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Yule kijana aliruka chini akakiacha kifuniko majanini.

Hawakumwondoa Bibi Nyangi. Hawakumwomba radhi pia. Walitawanyika mmoja mmoja, na Mwenyekiti akaniambia, "Basi Mzee, mzigo umeubeba wewe."

Nilimwandikia Mratibu barua ya kukiri yote. Alinitazama juu ya miwani. "Fundi, nani alikuuliza?"

"Hakuna, Mkuu. Ndiyo maana nimeandika."

Alinipa barua ya onyo. Miezi miwili baadaye alinipa barua ya kustaafu, na zote mbili nimeziweka bahasha moja.

Sasa nakaa nyumbani. Vijana mnaniletea pikipiki zinazozima na mnanikuta sina haraka. Nawauliza inazimia wapi, tunapanda, tunakwenda huko. Mnalalamika kwamba napoteza mafuta. Pengine nimekuwa fundi mzuri nikiwa nimeshachelewa.

Mwezi uliopita baba yake Zaituni alikuja kutoka Singida kuchukua vitu vyake vilivyobaki uani. Ni mzee mwenye kanzu safi na maneno machache. Nilimweleza yote, kuanzia sketi iliyolowa. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunisamehe kwa maneno, wala hakunilaani. Aliuliza kama ile nailoni ipo. Ipo, nilikuwa nimeiweka kwenye sanduku la spana.

"Irudishe kama ilivyokuwa," akasema. "Nipeleke."

Mratibu alituruhusu tuchukue pikipiki. Nilijaza tangi pale pale, saa ile ile. Nilimwonya njiani kwamba itazima mapema, kabla ya korongo, kwa sababu tuko wawili na mzigo huifanya mashine inywe mafuta zaidi. Haikuzima mapema. Tulipita nilipotegemea, tukapita tena, ikakohoa mara mbili na kufa pale pale korongoni. Sina maelezo ya hilo, na Fundi Mkuu hayupo tena duniani nimuulize.

Mtama ulikuwa umevunwa. Kulikuwa kimya. Mzee alishuka, akavua kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, akafungua kifuniko. Tangi likavuta pumzi yake ndefu, naye akabaki ameinama, sikio karibu na tundu.

Akakifunga. Akasubiri kidogo. Akakifungua tena. Hakukuwa na sauti.

"Ni mara moja tu?"

"Mara moja tu, Mzee."

Akaitoa nailoni, akaipangusa petroli kwa ncha ya kanzu, akaikunja, akaitia mfukoni. Nikapiga kiki, ikawaka.