Baba Mkwe wa Miaka Minne

Nguo iliyotiwa wanga wa muhogo na kunyooshwa kwa pasi ya makaa ina harufu yake, nusu uji, nusu moto, na mpaka leo nikiisikia shingo hunikakamaa. Ndiyo harufu ya Jumatatu niliyopelekwa shule ya watoto wadogo, miaka ya hamsini, katika mji ambao Wazungu waliuandika Stanleyville kwenye karatasi zao na sisi tukaendelea kuuita Kisangani. Mama alikuwa amelipiga pasi vazi langu la buluu hata likaweza kusimama mezani peke yake, bila mtoto ndani. Baba alikuwa karani wa bandarini, na nafasi ile aliiomba kwa watawa muda mrefu, kwa barua na kwa kuvaa tai siku za juma, maana watoto waliopita pale waliingia darasa la kwanza wakiwa tayari na Kifaransa kidogo mdomoni. Baba aliamini Kifaransa kama watu wengine wanavyoamini dawa. Mlangoni alivua kofia, akaniinamia kidogo, akasema, "Bokilo, uende salama." Kisha akarudi nyuma hatua mbili kabla ya kunigeuzia mgongo.

Bokilo kwetu ni mkwe, na mimi nilikuwa baba mkwe wa baba yangu mzazi. Nilizaliwa nikapewa jina la baba yake Mama, Feruzi, mvuvi wa maporomoko, na kwa desturi ya nyumba yetu mwenye jina huchukua na heshima ya jina. Mama aliniita Papa. Baba, ambaye hakuthubutu kumtazama mkwewe usoni wala kutafuna mbele yake, alinikwepa mimi pia: hakunikaripia, hakunipiga, na tukila pamoja aligeukia ukuta. Kichwa cha samaki kilikuwa changu. Kiti chenye mgongo kilikuwa changu, nacho kilikuwa kimoja tu. Siku moja nilimuuliza Mama, "Kama mimi ni papa yako, nani alinizaa?" Akanijibu, "Kula." Nimesoma chuo kikuu, nimepita kwenye vitabu vya watu waliochunguza ukoo wa kila kabila, na sijapata jibu lililo bora kuliko lile.

Shuleni tulikuwa kama ishirini, chini ya mtawa mmoja wa Kibelgiji tuliyemwita Mamere, kama tulivyowaita watawa wote, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili cha kununua sokoni. Alisaidiwa na Mama Albertina, mjane wa mtaani kwetu, aliyetufunga viatu na kutupangusa pua. Jumatatu nilisimama katikati ya darasa nikingoja watu waje kunisalimu. Hawakuja. Nilidhani ni ugeni, nikawasamehe. Jumanne, saa nne, ndizi zilipogawiwa, mtoto wa kwanza kupewa alikuwa msichana mwenye kamasi. Nilimwambia Mama Albertina, kwa upole, kwamba amekosea. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyu Feruzi iko muzee," alimwambia Mamere. Mamere hakuelewa kwamba hilo lilikuwa maelezo kamili. Alidhani ni utani.

Jumatano ndipo nilipoharibu. Mamere aliitwa nje, na Mama Albertina alikuwa chooni na mtoto aliyejikojolea. Darasani mlikuwa na mabenchi mafupi, na kiti kimoja chenye mgongo. Mtu wa kulaumiwa kwa hilo si mimi. Nilikikalia. Mara wavulana wawili wakaanza kupigania kipande cha mbao chekundu, na kwa kuwa palikuwa na mtu kitini, wakaja mbele ya kiti. Nilimsikiliza wa kwanza, nikamsikiliza wa pili, kama nilivyomwona Koko, yaani babu yangu, yule Feruzi mwenyewe, akisikiliza kesi za mitego ya samaki. Nikahukumu wote wawili wana makosa, kila mmoja alete ndizi. Hukumu ilipendeza. Wengine waliokuwa hawana ugomvi wakautafuta. Mamere aliporudi alinikuta nimekaa, miguu haifiki chini, ndizi tano mapajani na ya sita mdomoni, na foleni ya washtaki imefika mlangoni.

Alinipeleka kwenye kona, niangalie ukuta nikiwa wima. Nilikaa chini. Akaniinua. Nikakaa. Sikuwa na hasira, na hilo nadhani ndilo lililomkasirisha zaidi. Nilimweleza tu kwamba mtu mzima hasimamishwi. Akaandika barua.

Alhamisi Baba aliomba ruhusa kazini, akaja na tai. Mamere alimwambia mbele ya darasa zima kwamba kuna watoto wengi wanaongoja nafasi, na kwamba mtoto asiyesikia ni kosa la nyumbani. Kisha akatoa methali, kwa fahari ya mtu aliyeikariri: samaki mkunje angali mbichi. Baba amkaripie huyu hapa, sasa hivi, kila mtoto asikie, asipofanya hivyo, Jumatatu nafasi ni ya mwingine. Nilimtazama Baba. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye tai. Nafasi ile ilikuwa Kifaransa, Kifaransa kilikuwa meza ya ofisi yenye kivuli, na kati yake na meza hiyo nilisimama mimi, mkwewe. Akachutama, macho sakafuni, akapiga makofi mawili ya heshima.

"Bokilo," alisema, "kama muda unakuruhusu, tungekuomba..."

"Sauti," alisema Mamere.

"Tungekuomba, bila kukuudhi..."

"Bwana, unamkaripia au unamposa?"

Mama Albertina aligeuka haraka akapangusa pua isiyo na kitu. Baba alijaribu tena, akafungua mdomo, ukabaki wazi. Mtu huyu alikuwa akiwafokea manahodha wa mashua za Basoko na Opala wakamnyamazia. Mamere alimhurumia, nadhani, maana alisema, "Basi kesho aje mwenye uwezo."

Jioni ile nyumbani palikuwa na hesabu ngumu. Baba hawezi. Mama alisema, "Mimi nimukaripie papa yangu? Radi ya mvua itanipiga." Jirani yeyote akinikaripia, amemtukana Koko. Aliyebaki ni Koko mwenyewe. Lakini Baba hakuweza kumwomba Koko jambo ana kwa ana, kwa hiyo alimwambia Mama, Mama akavuka kwa mtumbwi kwenda kumwambia Koko, na Koko akajibu kwamba amesikia, Mama akarudi akamwambia Baba, aliyekuwa ameshamwona Koko toka ng'ambo akiitikia kwa kichwa na akajifanya hakuona.

Ijumaa Koko alikuja. Kabla hajaonekana alinukia: moshi, mto, kamba mbichi. Alikuwa na mikono iliyokatwakatwa na kamba za mitego, na kitambaa safi kiunoni, na chini ya kwapa kifurushi cha samaki waliokaushwa. Mamere alimkaribisha, akamwonyesha mimi, akarudia ile methali. Hapo ndipo Koko alipofurahi; alikuwa amekutana na mtu anayezungumza kazi yake. Alifungua kifurushi akatoa kambale mmoja mweusi, amekunjwa duara, mkia umeshikwa na meno yake mwenyewe, kama tunavyowakausha.

"Kweli, Mamere. Samaki anakunjwa mubichi," alisema. "Lakini angalia. Tunakunja mukia. Kichwa tunakiacha, mukia ndiyo unakuja kwa kichwa. Huyu mutoto ni mukia. Kichwa cha hii jina ni mimi. Kona iko wapi?"

Mama Albertina alionyesha kona kabla Mamere hajamaliza kufikiri. Koko alikwenda, akasimama, uso ukutani, mikono nyuma. Hakuwa anaigiza. Alisimama kama anavyosimama mtu aliyehukumiwa kwa haki. Watoto waligeuka wote kwenye mabenchi kumtazama. Mamere alisema, "Babu, si lazima," na Koko akajibu ukutani, "Niko na ndizi sita, Mamere. Si kidogo."

Nimesimama mbele ya maprofesa watatu nikitetea tasnifu, wakanichanachana, na sikuona aibu kama ile. Mgongo wake ulikuwa na mfupa uliotokeza karibu na bega, ambao sikuwahi kuuona, kwa sababu sikuwahi kumwona Koko kwa nyuma. Wakubwa huwaona watu kwa mbele. Nilishuka kwenye benchi. Hakuna aliyenituma. Nilikwenda nikasimama kando yake, wima, uso ukutani, kichwa changu usawa wa paja lake. Tulikaa hivyo mpaka saa ya ndizi. Alinong'ona mara moja tu: "Usiegemee."

Nafasi ikabaki yangu. Kifaransa nilikipata, na kwa Kifaransa hicho nikajifunza kuitilia shaka desturi ile na kila kitu kilicho karibu nayo. Nikiwa chuoni nilimtaka Baba anikaripie mara moja tu, kama baba wengine, kwa sababu za kisayansi. Alifikiri sana, akasema, "Bokilo, nitalitazama." Hajalitazama.

Koko alifariki, na siku hizi watoto wa mtaani wanaitwa majina ya watu wa redio, ambao hawawezi kuitwa shuleni kusimama kwa ajili ya mtu. Nasema jambo hili ni bora. Kila mtoto awe yeye mwenyewe, asidaiwe heshima ya marehemu. Nimeliandika hata kwenye gazeti la wanafunzi. Lakini wiki iliyopita Mama alikuja chumbani kwangu na kanga begani, akaketi mkekani ingawa kitanda kilikuwa tupu, na akaanza: "Papa, huyu bwana uliyenipa, nimekuja kukuambia, mimi nimechoka." Alizungumza kwa muda mrefu, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwa mwanawe, na akalia kidogo. Nilitaka kumweleza kwamba sikumpa bwana yeyote. Nilifunga kitabu, nikakaa vizuri, nikasema, "Nimekusikia, mwanangu. Nimwite?"