Mwisho Mia na Thelathini

Mama Mapacha alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na katika miaka ishirini na mitatu ya kazi hiyo hakuna kilichowahi kumtoa macho kwenye mshono isipokuwa mtoto anayelia. Sasa mapacha wake walikuwa watu wazima na makwao, na kilichomtoa macho kilikuwa namba. Ilikaa kwenye simu yake, pembeni ya kopo la pini, ikibadilika kila baada ya sekunde chache. Ilikuwa ni mapigo ya moyo wa mumewe.

Mume mwenyewe alikuwa zimamoto, mshika mpira wa maji, umri miaka hamsini na mmoja, kichwa kigumu kuliko kofia aliyopewa na serikali. Kila mwaka kikosi chao kilipimwa mbio: duru sita kuuzunguka uwanja wa kituo kwa dakika kumi na mbili, buti miguuni na koti zito mwilini. Anayeshindwa hafukuzwi. Anapelekwa stoo, akakunje mipira na kupaka viungio mafuta mpaka astaafu. Mwaka uliopita Baba Mapacha alimaliza zikiwa zimesalia sekunde nne, akatapika nyuma ya gari, na jioni akamwambia mkewe kwamba alikula kitu kibaya. Na chakula chote alichokula siku ile alikipika mkewe. Basi mama wa watu akaumia mara mbili.

Pacha mkubwa, ambaye ni muuguzi, alikuja kuwasalimia, akamshika baba yake mkono kama kwa mzaha, akahesabu mapigo, akahesabu tena. Wiki iliyofuata walikuwa kwa daktari wa moyo. Daktari hakuzunguka. Moyo umechoka, alisema, ila haujafika pabaya. Ameze kidonge kimoja kila asubuhi. Akimbie, tena kila siku, lakini polepole, mapigo yasipite mia na thelathini kwa dakika. Akivumilia, namba ileile itamfikisha mbali zaidi kila mwezi. Mbio za mwaka huu aziache kabisa, ajaribu mwakani.

"Nimesikia, daktari," Baba Mapacha alijibu kwa adabu zote. Mkewe alimjua mtu wake. Akisema amesikia, ujue hajakubali.

Hata binti yake huyo muuguzi alimjua, ndiyo maana alimnunulia saa. Ilikuwa saa ya mkononi yenye laini yake ya simu. Inapima mapigo, inahesabu duru, inatetemeka ukipita kiwango, halafu inatuma kila kitu kwenye simu ya mama. "Baba hata akizimia atasema alikuwa anafunga kamba za viatu," binti alisema. Wakacheka wote watatu, na kicheko cha Mama Mapacha kilikatika cha kwanza.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa vurugu. Mia hamsini. Mia sitini na sita. Mia sabini na mbili. Mama Mapacha aliacha cherehani na kupiga simu.

"Baba Mapacha, punguza!"

"Mke wangu, hiyo mia na thelathini yenu ni mwendo wa kusindikiza jeneza. Wenzangu wananicheka hapa."

"Wacha wacheke. Punguza!"

Wiki ya tatu mambo yakageuka. Mzee akawa mtiifu ghafla. Mia na kumi na nane, mia ishirini na nne, mia ishirini na tisa. Ikigusa thelathini tu inashuka. Duru nne zikawa sita, sita zikawa tisa, na namba haikupanda. Mama Mapacha alimwagia mumewe sifa mpaka za ziada. Aliwatambia wateja waliokuja kujaribisha sketi. Roho ilimtulia, akaanza kulala usingizi wa mtu asiye na deni la mtu, na kola alizoshona zikarudi kunyooka.

Siku mbili kabla ya mbio, asubuhi ya saa tatu na nusu, alikuwa anashona mfuko wa shati huku namba ikisoma mia ishirini na saba, duru ya tatu, mwendo mzuri. Mlango ukafunguliwa. Baba Mapacha akaingia, jasho linamchuruzika, anahema mdomo wazi.

"Nimefuata koti. Ulishabadilisha zipu?"

Mama Mapacha alimtazama yeye, akatazama simu. Mia ishirini na nane. Akatazama mkono wake wa kushoto. Mtupu.

"Saa iko wapi?"

"Ipo kituoni. Inachaji."

"Inachaji huku inakimbia?"

Mzee akajikalisha kwenye benchi la kupigia pasi, juu ya sketi tano zilizonyooshwa, na kwa mara ya kwanza mkewe hakumfokea kwa hilo. Akaeleza. Saa ilikuwa kwa Ngazi. Huyo ni mwenzake wa zamu, mrefu hadi wenzake wakampa jina la kifaa cha kazi. Walikula njama tangu ile wiki ya tatu. Ngazi anavaa saa na kutii kila inapotetemeka, yeye anatangulia mbele na buti zake, kasi anayoitaka.

"Kwa hiyo wiki saba zote hizi," Mama Mapacha alisema, "nimelala kwa moyo wa Ngazi."

"Nilitaka upumzike. Ulikuwa umekonda."

"Na wewe?"

"Mimi nipo." Akajaribu kutabasamu. "Lakini hiyo dawa ya polepole ni kweli, sikatai. Ngazi siku hizi anapanda ghorofa tano na mpira begani, hata hahemi."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa kudanganywa; miaka yote hiyo ya ndoa alishadanganywa mengi na akayameza. Alilia kwa sababu matibabu yalikuwepo, yalifanya kazi kweli, tena yeye mwenyewe aliyaona yakifanya kazi siku baada ya siku, yakimponya mtu ambaye hakuwa mgonjwa.

"Usikimbie, baba. Nakuomba."

"Nikienda stoo nitakufa nikiwa hai. Hilo nalo litazame."

Alipoondoka na koti lake, Mama Mapacha alimpigia mkuu wa kituo. Aliona anamsaliti mumewe, akapiga hivyohivyo. Mkuu alimsikiliza kwa upole wote.

"Mama, nakuelewa. Lakini cheti cha daktari ninacho hapa kwenye faili, kimegongwa muhuri. Kinasema mzima."

"Hicho ni cha mwaka jana!"

"Kinatumika miaka miwili. Mwenyewe akileta kingine nitakipokea. Siwezi kumtoa mtu kwenye mbio kwa simu ya nyumbani, mama. Nusu ya kikosi wangetolewa na wake zao."

Siku yenyewe alipata kitu kimoja tu: mzee alikubali kuvaa saa kwenye mkono wake mwenyewe. Mama Mapacha aliiona ni nafuu. Dakika kumi na mbili zilipoanza ndipo alipogundua kwamba hakuna alichopata zaidi ya kiti cha kutazamia.

Duru ya kwanza, mia hamsini na tisa. Ya pili, mia sabini na nne. Alimpigia binti yake. Simu ikaita mpaka ikakatika, yuko wodini. Ya nne, mia themanini na tatu. Alikuwa anaongea na simu sasa, kwa sauti, "punguza, baba, punguza," na cherehani ikimeza shati la mtoto wa watu mpaka mikono miwili ikashonwa pamoja. Ya sita, mia tisini na moja. Kisha duru zikakoma kuhesabika.

Nusu saa nzima ikapita kabla mumewe hajampigia.

"Nimepita!" Baba Mapacha alipaza sauti juu ya kelele za wenzake. "Zimebaki sekunde tisa! Mwaka jana zilikuwa nne!"

"Umekaa?"

"Nimekaa kivulini, tangu tulipomaliza. Ngazi ndiye kaongoza wote, mshenzi yule."

"Namba bado ni mia sitini na tatu, baba. Umekaa nusu saa. Panda gari lolote uende hospitali, nakukuta hukohuko."

"Hii saa ilizoea moyo wa Ngazi, wangu haiuelewi. Nitakwenda kesho. Leo wamenipanga gari la kwanza kwenda motoni, mke wangu, nafasi yangu ileile ya..."

King'ora kikalia nyuma yake, na kelele za furaha zikakatika, zikabaki buti zinazokimbia.

"Tunaitwa. Nitakupigia."

Alipopiga tena hakujibiwa. Simu zao huziacha kwenye kabati wakitoka, alilijua hilo siku nyingi. Akasimama katikati ya chumba, lile shati bado limening'inia kwenye sindano, akaishika simu kwa mikono miwili na kuitazama. Mia sitini na nane. Mia sabini na mbili. Mia sabini na saba, na moto wenyewe walikuwa hawajaufikia.