Chagua Fuawe Iliyo Bubu

Watu bado wananijia kuuliza namna ya kuanza uhunzi wa kujifurahisha. Wamekuja mafundi baiskeli, walimu wastaafu, hata mchungaji mmoja aliyetaka kujifulia panga la kufyekea shamba lake. Nawajibu kwa ukali, kisha najuta wakishaondoka. Hasira hiyo si yao. Ni yangu mimi na kipande changu cha reli.

Fuawe ni lile bonge la chuma ambalo mhunzi hufulia vyuma juu yake. Madukani Lushoto hulipati, kwa hiyo nilishuka Mombo kwa muuza vyuma chakavu. Alikuwa na vipande vinne vya reli vimelala kwenye majani, na sikumwuliza vimetoka wapi. Mtu mwenye akili zake angeangalia uzito, angeangalia kama uso umenyooka. Mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu, huku juu ya Lukozi, kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilichukua nyundo nikavigonga kimoja kimoja, nikitega sikio. Cha tatu kiliimba. Kilitoa sauti moja ya juu, safi, ndefu, hata muuzaji akaacha kutafuna muhogo wake akanitazama. Nikachukua hicho hicho, nikapanda nacho mlimani nikichekelea kama mwehu.

Tanuru nililijenga kwa ringi ya lori, nikaikandika udongo wa mfinyanzi, nikaunga bomba kwa chini, na upepo ukatoka kwenye feni iliyozungushwa na gurudumu la baiskeli. Mkaa wa miwati ni mzuri. Wa mikaratusi hukurushia cheche mpaka kwenye shati. Koleo nilijitengenezea kwa nondo. Mundu na panga nilivifua kwa springi za gari. Ukifua springi, usiichovye kwenye maji yetu ya mwezi wa saba, ni ya baridi mno na chuma kitapasuka mkononi mwako. Tumia oili chafu. Hayo yote nilijifunza kwa kuharibu, na kule kuharibu kulikuwa raha. Jumamosi zote na alasiri nyingi, miaka kumi, nilikuwa nikigonga. Majirani walisema wanaupenda mlio. Mke wangu peke yake ndiye aliyekuwa akisema, "Baba, hilo dude lako linanipasua kichwa." Nikamwambia hana sikio la muziki.

Walianza kupotea ndege. Nilidhani wamehama kwa sababu miti inakatwa, na nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikalalamika. Kisha nikaona watoto hawana adabu tena. Huku kwetu mtoto akimpita mtu mzima bila shikamoo, mzazi wake ataambiwa. Mimi walikuwa wananipita, midomo inachezacheza tu. Siku moja nikamfuata mama mmoja mpaka kwake kumshtakia binti yake.

"Mwalimu," akaniambia, akinisogelea karibu kabisa, "amekuamkia mara mbili. Nilikuwa nyuma yake. Ni wewe hukuitikia."

Nilikwenda hospitali bila kumwambia mke wangu. Daktari, mwanamume mwenye sauti nene, alinivalisha vifaa masikioni, akanipa kitufe, akasema nibonyeze kila nitakaposikia mlio. Nikakaa nimekishika, namsubiri aanze. Alikuwa ameshaanza kitambo.

"Sauti za juu zimekwenda, mzee," alisema. "Hazirudi."

Alisema kifaa cha sikio kingenisaidia kwenye mazungumzo. Nilipomwuliza kuhusu muziki, akaanza kupanga karatasi zake. Nyumbani nikasema ni nta tu imeziba masikio. Nikajitia mafuta ya vuguvugu, nikajitia maji ya kitunguu saumu, nikafunga siku tatu. Nilimwomba Mungu achukue jicho moja anirudishie hata nusu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Bila kwaya mimi ni nani? Mkulima wa kabichi, kama wengine wote bondeni, na hata kabichi zangu si nzuri.

Basi chagua fuawe iliyo bubu. Ikiwa umeshapata yenye kelele, ifunge mnyororo kiunoni, ikalishe kwenye gogo juu ya mchanga, bandika chini yake sumaku ya spika mbovu, mlio utakufa. Ziba masikio, tena ziba kweli, kwa vizibo vya kazi hiyo. Fanya hivyo siku ya kwanza, si siku utakayoona ni lazima.

Kwaya sikuiambia. Besi na tenor, sauti za wanaume, niliwasikia bado, alto kwa mbali. Sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, wanawake tisa, niliisoma midomoni. Nyimbo nilizijua zote, kwa hiyo palipokuwa kimya nilipajaza mwenyewe kichwani. Nilikwenda hivyo mwaka mzima na zaidi, nikirudi nyumbani shati limelowa jasho, na nikimkaripia mke wangu kila aliponiuliza kama ninasikia vizuri. Yeye naye huimba sauti ya kwanza, mstari wa mbele.

Jumamosi moja mchana tulikuwa tukifanya mazoezi ya wimbo wa Pasaka. Besi wakaingia, tenor wakafuata. Nikawageukia wanawake, midomo tisa ikafunguka kwa pamoja, vizuri kabisa. Nikainua mkono kuwapandisha, nikafumba macho kwa utamu wa ninachokisikia. Tulipomaliza nikasema, "Sauti ya kwanza, leo mmeimba kuliko siku zote."

Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Kiongozi wa besi akaja mpaka mbele, akanishika bega.

"Tusamehe, Mwalimu. Hawakuimba. Walifungua midomo tu. Mama wa nyumbani kwako ndiye aliyetuomba tukupime, maana wewe hutaki kusema."

Niliuondoa mkono wake begani. Nikarudi mahali pangu, nikainua mkono, nikawaambia wanawake waimbe basi, waimbe kweli. Wakaimba. Niliona mishipa ikiwatoka shingoni, niliona mke wangu akiimba huku machozi yanamtiririka. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote, na hapakuwa na tofauti yoyote.