Huguette Alivyolirudisha Jina la Grimetot

Shemeji yangu Huguette Turgis anafuga ng'ombe kumi na wanne hapa Grimetot, anatengeneza siagi, na sijawahi kumwona akimwogopa mtu. Nimeketi naye kwenye baraza la kijiji miaka kumi na miwili. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakujibu huenda ndiyo, huenda siyo, kama Mnormani yeyote mwenye akili, ndivyo tulivyo jimboni kwetu. Lakini akishakata shauri, heri ubishane na fahali.

Mwaka tulipounganishwa na vijiji viwili jirani, meya wetu, Firmin Lehodey, alitaka tuitwe Bonde la Wanormani. Jina la Grimetot lifutwe, watalii hawalijui. Tulikuwa wajumbe tisa. Watano walinyosha mikono kukubali, na wa tano alikuwa Huguette. Nilimkasirikia vibaya sana. Yeye akavaa koti, akaenda kumzalisha ng'ombe.

Kesho yake asubuhi alinipitia, tukaenda kwa meya, buti zake zimejaa matope.

"Firmin, barua ya jina jipya umeshaipeleka?"

"Bado. Kwani vipi?"

"Nairudisha kura yangu."

Firmin akacheka. "Bibi wewe, jana si ulinyosha mkono mwenyewe?"

"Nilinyosha. Nilikuwa nawaza ndama, sikukusikiliza. Baadaye nikajiuliza, hivi nani alituita Wanormani? Si watawa wa kale waliokuwa wakiwakimbia mababu zetu maharamia, na vikombe vyao vya fedha? 'Wanormani, yaani watu wa kaskazini hao, wamekuja!' Anayekimbia hana muda wa kuuliza majina. Lakini Grim, babu yetu wa kwanza, alipotua hapa na mashua yake hakujiita mtu wa kaskazini. Kwao wote walikuwa wa kaskazini. Alisema mimi ni Grim, na huu ni uwanja wangu, 'tot' kwa lugha yao. Ndiyo Grimetot hiyo."

"Kumbe Unormani unakutia haya."

"Haya ya nini? Walitupa jina kwa woga, tukalivaa, likatukaa vizuri. Ila Wanormani ni sisi na jimbo zima. Grimetot ni sisi tu."

"Kura ikishapigwa imepigwa, Huguette."

"Mnormani ana neno lake, na ana siku moja ya kulirudisha."

"Hiyo ni ya mnadani, bibie. Ya ng'ombe."

"Baba yako alinunua mtamba kwa baba yangu Jumamosi, Jumapili baada ya misa akamrudisha. Baba alimfungulia lango, hakusema neno. Leo lango unalo wewe."

Firmin akatazama meza yake. Sheria ilikuwa upande wake na bahasha ya ile barua ilikuwa pale, imeshafungwa. Niliogopa, nakiri. Huguette hakuogopa, alivuta kiti akakaa. Mwishowe Firmin akaitia ile bahasha kwenye droo.

"Saa kumi na mbili jioni," akasema. "Wote tisa."

Jioni tuliulizwa nani anataka Grimetot libaki. Tukanyosha wale wanne wa jana, na Huguette wa tano. Yalikuwa yamekwisha. Kisha mkono wa sita ukapanda polepole, wa Firmin mwenyewe.

"Usijichoshe, Bwana Meya," nikamwambia. "Tumeshashinda."

"Najua. Lakini na mimi nimezaliwa hapa."

Huguette akasimama, akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

"Vizuri, Firmin. Una hadi kesho jioni kulirudisha neno lako."