Koti la Marehemu Wote

Mpiga foto wa karibu na soko letu hapa Kolwezi hawezi kuona vumbi usoni mwa mtu akaliacha. Kwanza anaipuliza skrini, kisha kwa kidole chake kinene anafuta tope shavuni, na shati lililochanika analifunika kwa koti jeusi na kravati. Marehemu wote wa mtaa wetu wamevaa koti hilo moja. Foto ikikataa kuondoka kwa programu moja ya imeli, anajaribu nyingine, tena anapuliza. Mama Kalumba alimletea kadi ya kumbukumbu ya simu ya mwanawe, yenye foto aliyojipiga shimoni asubuhi ile alipofukiwa, ili kampuni ya mgodi iliyokana kumjua imwone akiwa kazini. Mpiga foto akampendezesha vilevile, akaihifadhi juu ya ile ya kwanza, ile yenye vumbi ikafutika, akatuma. Kampuni ikajibu: huyu ni mtu wa ofisi, si mchimbaji.

"Tata, vumbi ya mutoto yangu iko wapi?"

Mpiga foto akafungua programu nyingine ya imeli, akapuliza skrini, akatuma tena, halafu nyingine. Kila mara aliyeondoka alikuwa yule mtu wa ofisi.